Soketi Yenye Homa

"Nyumba nikishavuka kizingiti chake mara moja, siisahau mpaka naingia kaburini," Pua alimwambia konstebo wake huku akifunga mlango wa gari kwa kisigino. "Nilete nimefungwa kitambaa usoni. Nitakuonyesha dirisha lilipo, panya wanapopitia, na mwenye nyumba anakoroma akiwa amelalia ubavu gani."

"Na hii je, afande?"

Pua aliitazama nyumba toka paa hadi msingi. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa, geti la chuma bado linanukia rangi, na uani kamba za kuanikia nguo zimepishana kama mistari ya daftari. Mbele palikuwa na ukumbi mdogo wenye kiti kimoja cha plastiki.

"Hii? Sijawahi kuiona tangu nizaliwe."

Konstebo akaandika. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye tabia ya kuandika kila kitu. Ofisini walisema hata ukipiga chafya mbele yake, chafya hiyo ina saa na tarehe.

Pua hakuwa jina la mpelelezi huyo, ila ndilo lililomkaa. Yeye alidai wamemwita hivyo kwa sababu ananusa chanzo cha moto kabla hajashuka garini. Wenzake walikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilionekana wazi akigeuka upande.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa na saa yake. Jana alasiri chumba cha pasi katika nyumba hii kilishika moto. Binti wa mwenye nyumba, ambaye ni dobi na hufanyia kazi hapohapo nyumbani, alikuwa hospitali, mkono wa kulia umefungwa bandeji toka kiwiko hadi vidole, na dawa zimemlaza hawezi kuhojiwa. Mumewe, fundi umeme aliyetandaza nyaya zote za nyumba, alikuwa amelala mahabusu. Jirani alikuwa ameapa kwamba siku chache kabla ya moto alimsikia fundi huyo akipiga kelele, "Nyumba hii itaungua!" Ripoti ya Pua ilitakiwa mezani saa sita. Saa nane fundi angesimama mbele ya hakimu, na ripoti ikisema kachoma kwa makusudi, dhamana asahau, ufundi asahau, na mke akizinduka aambiwe ameolewa na aliyemuunguza.

Sasa ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Bibi mwenye nyumba alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki, kichwa kimeinama, miwani mizito imeteleza hadi ncha ya pua, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Piteni. Chumba ni kile cha mwisho, kifuateni kwa harufu." Kisha kidevu kikarudi kifuani.

"Amelala," Pua alinong'ona.

"Amesema tupite, afande."

"Wazee husema wakiwa usingizini. Twende."

Chumba cha pasi kilikuwa cheusi kama ndani ya sufuria ya shughuli. Meza ya kupigia pasi ilibaki miguu. Nguo za wateja zilizotundikwa kwenye bomba la chuma zilikuwa zimeanguka chini, na mashati ya watu yalibaki vifungo tu, vimejipanga sakafuni kwa mstari, kila shati na vyake. Pasi mbili zilikuwa zimelala kifudifudi kwenye majivu, vishikio vimeyeyuka. Sakafuni kulikuwa na mchanga mwingi na beseni lililopinduka.

"Umeme umekatwa?" konstebo aliuliza kabla hajatia mguu.

Pua akachomeka testa kwenye waya ulioning'inia, akaitazama, akaipimia na waya wa pili. Taa ya testa haikuwaka. "Umekatwa. Umeme si barafu, mwanangu, lakini leo umepoa." Akacheka mwenyewe, kicheko chake kile cha kuvuta hewa puani.

Konstebo akaandika na hiyo.

"Sasa jifunze," Pua alisema, akiwasha tochi. "Moto unapanda. Ukitaka kujua ulikozaliwa, wewe shuka. Ona ukuta. Masizi yamefunguka juu kama pembe za ng'ombe, na huku chini yanakutana wapi?"

"Usawa wa goti. Kwenye soketi."

"Kwenye soketi. Na soketi imevishwa nini?"

Konstebo alichutama. Kuizunguka soketi, yakiwa yameganda kwenye plastiki iliyoyeyuka, kulikuwa na mabaki ya kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne. Katikati kimekuwa mkaa, pembeni kimebaki na nyuzi za bluu.

"Taulo," alisema.

"Taulo!" Pua aliinuka kwa furaha. "Nani hapa duniani anaivisha soketi taulo? Mtu anayetaka ishike moto. Taulo ni utambi. Fundi anajua umeme, anajua pa kuweka utambi, anaweka, anaondoka, moto ukiwaka yeye yuko kwa mteja mwingine. Na mdomo wake ulishatangaza. Andika: kwa makusudi. Tutakunywa chai mapema."

Konstebo hakuandika. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kalamu yake kusimama.

"Nini?"

"Na plagi je, afande? Taulo limezunguka plagi. Plagi ilikuwa ndani tayari, na pasi mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni yake. Watu walikuwa kazini. Mtu anayetegesha moto hategeshi mbele ya watu."

Pua alikuna kidevu. Akatoa bisibisi. "Haya, tuifungue. Soketi yenyewe itasema."

Alizungusha skurubu mbili za mbele polepole, akavuta kifuniko. Kilitoka kikilalamika, na nyuma yake kukatoka unga mweusi. Pua akaacha kuongea, jambo lililomfanya konstebo asogee.

Mbele ya soketi ilikuwa imeungua kwa moto wa chumbani. Nyuma, ndani ya ukuta, ilikuwa imeungua zaidi. Moja ya zile skurubu ndogo zinazobana waya ilikuwa inacheza kama jino bovu. Pua aliigusa kwa ncha ya bisibisi, ikazunguka mzunguko mzima bila kushika kitu. Shaba ya waya ilikuwa imebadilika rangi, na ngozi ya plastiki ya waya ilikuwa imekauka na kupasuka vipandevipande kuelekea ndani, urefu wa kiganja.

"Joto hili halikuanza jana," konstebo alisema.

"Hapana." Pua alisema hivyo bila mbwembwe. "Wiki kadhaa, huenda miezi. Skurubu inalegea, waya unacheza, unachezesha cheche, cheche zinaleta joto, joto linalegeza skurubu zaidi. Unapachika pasi mbili juu yake. Soketi inapika hapo ndani kimyakimya. Inaanza kunuka kama samaki aliyeoza, inabadilika rangi, inaguna. Anayesikia azime, asitumie. Asiyesikia..." Alielekeza tochi kwenye vifungo vya mashati.

"Kwa hiyo si makusudi."

"Usikimbie. Nani aliifunga skurubu hii? Fundi. Kama si makusudi, ni uzembe. Jela ina milango miwili, yote inaingia ndani."

Konstebo alikuwa amekwisha kusogeza pua yake, ndogo kuliko ya mkubwa wake, karibu na ukingo wa kile kifuniko. "Na hii nini?"

Kwenye pembe moja ambayo taulo liliifunika kulikuwa na utepe mweusi, ule ambao mafundi huzungushia nyaya. Kipande cha ukubwa wa ukucha. Kilikuwa kimeraruliwa.

Pua alikitazama sana. "Mlete fundi," alisema.

*

Fundi aliletwa toka kwenye gari la polisi, walimokuja naye kutoka mahabusu, akiwa na pingu na malapa. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, na uso bila nyusi unaonekana kushangaa hata kama mwenyewe hashangai.

"Skurubu ya soketi hii imelegea," Pua alimwambia.

"Najua."

"Unajua! Konstebo, ameshakiri."

"Nilijua kabla yenu, ndiyo maana nikaifunga." Sauti ilikuwa imekauka kwa moshi. "Mke wangu anachomeka na kuchomoa pasi mara ishirini kwa siku, tena anavuta kwa waya, si kwa plagi. Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu. Hata bawaba ya mlango ingelegea. Siku niliposikia inaguna nikazima breka yake, ile swichi yake kwenye boksi la mita, nikaipiga tepu breka, nikaipiga tepu soketi, nikaandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Nikawaambia watumie ya sebuleni, pasi moja tu, mpaka Jumamosi. Jumamosi nilikuwa nalaza laini mpya, waya mnene, soketi nzito."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa, mzee."

Konstebo aliandika.

"Basi nani alibandua tepu?" Pua aliuliza.

Fundi akatazama malapa yake.

"Nimekuuliza. Mkeo?"

"Si mke wangu."

"Basi nani? Nyumba hii ina watu watatu. Ukijitoa wewe, ukimtoa mkeo, anabaki nani? Panya?"

Fundi aligeuza uso ukutani, upande wa ukumbini kulikokuwa na kile kiti cha plastiki.

"Jana kituoni ulikaa kimya hivihivi," Pua alisema. "Nimesoma faili. 'Mtuhumiwa amekataa kueleza.' Unajua saa nane kuna nini?"

"Najua."

"Na bado kimya."

"Mzee, wewe umeoa?"

"Maswali ni yangu."

"Kama umeoa utaelewa. Niende mbele ya askari nimtaje mama yake mke wangu kwa kidole? Mke wangu akiamka hospitali amkute mama yake mahabusu, na mimi ndiye niliyempeleka? Bora nikae mimi. Mimi mgongo ninao. Mimi simtaji mtu. Nendeni mkakague boksi la mita. Boksi halina mkwe."

*

Boksi la mita lilikuwa ukutani, pale ukumbini, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha bibi. Konstebo alibaki chumbani akipima ukuta kwa futi kamba, fundi akiwa mbele yake. Pua alikwenda peke yake. Bibi alikuwa vilevile, kidevu kifuani, pumzi zinakwenda na kurudi.

Mlango wa boksi ulilia ulipofunguka. Bibi hakutikisika.

Swichi kuu ilikuwa chini, imezimwa. Juu ya kishikio chake kulikuwa na alama za vidole vinne vya masizi. Aliyezima hapa alikuwa ametoka kwenye moto, mikono michafu, akazima kwanza ndipo akarudi kuuzima moto. Anayechoma nyumba hafanyi hivyo. Breka ya nne ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mtaratibu: CHUMBA CHA PASI. Juu yake utepe mweusi umebanduliwa, nusu umeshika, nusu unaning'inia kama ulimi.

Fundi alikuwa amesema kweli tupu. Pua alitoa simu apige picha, akauvuta mlango wa boksi wazi kabisa ili mwanga uingie.

Ndani ya mlango, ikiwa imening'inizwa kwa kipande cha waya wa shaba, kulikuwa na kadi ya kijani.

IMEKAGULIWA. SALAMA KWA MATUMIZI.

Muhuri. Tarehe ya mwaka jana. Na sahihi, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujipiga kitanzi. Pua aliijua sahihi ile. Alijifundisha kuiandika akiwa kidato cha pili, nyuma ya daftari la hesabu, ili siku akiwa mkubwa iwe tayari.

Mwaka jana, kabla hajahamishiwa upelelezi, alikuwa kwenye kikosi cha ukaguzi wa majumbani. Kuna siku alikagua nyumba thelathini na moja kabla ya jua kuzama, akapewa cheti, na cheti hicho kiko ofisini kwake mpaka leo, kwenye fremu, juu ya kichwa chake. Kuta za nyumba hii wakati huo zilikuwa za kijivu. Geti lilikuwa la mbao. Kiti cha plastiki kilikuwa hiki hiki.

Kutoka chumbani konstebo alimwita. "Afande, umepata kitu?"

"Breka tu," Pua alijibu.

Akasikiliza. Pumzi za bibi zilikwenda, zikarudi. Mkono wa Pua ukainuka, ukaing'oa kadi pamoja na waya wake, ukaitumbukiza mfuko wa kushoto wa koti. Mlango wa boksi ulilia tena ukifungwa.

*

Saa nne na nusu walimhoji bibi palepale kitini. Konstebo alitaka kumwacha fundi ndani, lakini bibi alikataa. "Mleteni akae hapa nimwone. Nyusi zake ziko wapi, masikini?" Fundi akakaa kwenye ngazi ya ukumbi, amewapa mgongo, kwa heshima.

"Bibi," Pua alianza haraka, "sisi hatutakusumbua. Umri huu, mshtuko huu, mtu anaweza kuchanganya mambo. Tunaweza kuandika tu kwamba—"

"Mimi ndiye niliyebandua tepu," bibi alisema.

Mgongo wa fundi uliruka. "Mama!"

"Nyamaza, mkwe wangu. Jana nilikuwa nalia, hawakuniuliza kitu. Leo sitaki kulia. Andika, binti yangu."

Binti yake, yaani konstebo, alikuwa ameandika tayari. "Na taulo, bibi?"

"La kwangu. La bluu. Soketi ilikuwa na homa."

Kalamu ilisimama kwa mara ya pili. "Ilikuwa na nini?"

"Homa. Niliigusa kwa mgongo wa mkono, kama unavyomgusa mtoto kwenye paji la uso. Inachoma! Nikaloweka taulo, nikaikanda."

"Uliikanda soketi kwa maji?"

"Nililikamua vizuri! Mimi si mjinga." Bibi alisukuma miwani juu. "Ilikuwa inashuka. Halafu inapanda tena. Nikaikanda asubuhi na jioni, kama dozi. Huyu alipogundua alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniambia, 'Mama, maji na umeme vikikutana vinaua mtu. Soketi ya moto haipozwi. Inazimwa kwenye boksi, haiguswi, anaitwa fundi.' Nikamwambia fundi si wewe? Akasema ndiyo, na fundi amesema isitumike."

"Sasa kwa nini uliwasha tena?"

"Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa mlima. Binti yangu amechoka, sebuleni pasi moja haitoshi. Nikaja hapa kwenye boksi, nikabandua, nikawasha. Kule chumbani nikabandua nyingine. Nikamwambia binti yangu ni salama, chomeka zote mbili, na mimi nikaivisha taulo lake kwa tahadhari." Sauti yake ilipungua. "Hazikupita dakika kumi ikaanza kuguna, ikanuka, ikawaka. Binti yangu akanyakua beseni la maji akaumwagia. Umeme ukamrusha mpaka mlangoni, mkono unawaka. Huyu akatokea anakimbia. Akamkung'uta mkono kwa viganja vyake, halafu akatuacha, akakimbilia huku ukumbini. Nikamlaani! Nikasema mwanamume gani huyu anamkimbia mkewe. Kumbe amekwenda kuzima. Ndipo akarudi na mchanga."

"Na yale maneno aliyosikia jirani?" konstebo aliuliza. "'Nyumba hii itaungua'?"

"Jirani alidaka mkia akaacha kichwa. Huyu alikuwa ananisihi mimi. Alisema, 'Mama, kadi haizuii moto. Ukiwasha soketi ile nyumba hii itaungua.'"

Pua alikohoa. "Vizuri sana. Inatosha. Konstebo, funga daftari."

"Kadi gani, bibi?" konstebo aliuliza.

"Si ile ya kijani ya serikali! Ndiyo iliyonipa kiburi. Nilimwambia mkwe wangu: mwanangu, nakupenda, lakini wewe unasema hatari, mwenye muhuri anasema salama, na muhuri huna. Imo ndani ya mlango wa boksi. Isome."

Konstebo aliinuka. Mlango wa boksi ukalia kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Alichungulia, akapitisha kidole hewani karibu na bati bila kugusa.

"Hakuna kadi."

"Basi," Pua alisema. "Nilisema wazee huchanganya. Au imeungua."

"Boksi halikuungua, afande."

"Basi huyu aliitoa jana."

"Huyu tangu jana yuko na pingu." Konstebo alielekeza tochi. "Ona. Mlango wote una vumbi. Hapa katikati kuna mstatili msafi, ukubwa wa kadi. Vumbi halijapata hata nafasi ya kurudi. Imetolewa leo."

Fundi aligeuka pale ngazini kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefahamu haraka kuliko wote: bila kadi, maneno ya bibi ni maneno ya mama mkwe anayemkinga mkwe wake, na hakimu ameyasikia ya namna hiyo maisha yake yote.

"Ilikuwepo leo asubuhi," bibi alisema. "Niliisoma nikiwasubiri ninyi."

"Bibi," konstebo alirudi akachutama mbele ya kiti, "aliyeikagua nyumba mwaka jana, unamkumbuka?"

"Jina sijui. Sahihi yake ina mkia kama wa tumbili."

"Aliingia ndani akaiona soketi?"

"Wapi! Kizingiti hakukivuka. Alisimama hapahapa, amebeba kadi nyingi kama karata, anaandikia mapajani. Nikamwambia, mjukuu wangu, kuna soketi kule ndani inapata joto, hebu pita uitazame. Akacheka. Ana kicheko cha kuvuta hewa puani. Akasema, 'Joto kidogo ni la kawaida, bibi. Umeme si barafu.'"

Kilichosikika baada ya hapo ni karatasi. Konstebo alikuwa anafungua daftari kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, mpaka asubuhi ileile. Kidole chake kilishuka kwenye mistari kikasimama. Alisoma kimoyomoyo, kisha akainua macho, akayatua usoni kwa mkubwa wake. Pale yalipotua palikuwa na jasho.

"Maneno ya kawaida hayo," Pua alisema. "Kila mtu wa fani huyasema."

"Labda," alisema bibi. "Mimi macho yangu si ya kutegemewa, miwani hii ni ya marehemu mume wangu. Lakini nikiinamisha kichwa naona vizuri kupita juu yake, na watu hudhani nimelala." Alinyoosha kidole kilichokunjamana kuelekea kwenye koti la Pua. "Mfuko wa kushoto, binti yangu. Waya wake umechomoza."

Pua hakujitazama. Hakuwa na haja. Alikuwa anausikia ule waya wa shaba ukimchoma ubavuni tangu saa nne.

Konstebo alitoa bahasha ya vielelezo mkobani, akaipuliza ikafunguka, akaishika wazi mbele ya mkubwa wake. Fundi aliinuka ngazini na pingu zake, uso ukiwa hauna nyusi za kuinua.

"Mbona watoka jasho, mjukuu wangu?" bibi aliuliza kwa upole. "Usiogope. Joto kidogo ni la kawaida."